Hudhud, Pete ya Ndege na Sanad: Somo la Kuthibitisha Tunachonukuu



Ndugu zangu katika imani, somo la toleo hili ni kuthibitisha habari kabla ya kuipeleka kwa mwingine. Sisi wa Masomo ya Kiislamu tunalisoma mwaka wa kwanza, tunalifanyia mtihani na tunafaulu. Mimi nilifaulu. Kisha nikaenda likizo nyumbani Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, nikafanya kinyume chake mbele ya watu walioniamini. Aliyenirudisha kwenye somo hakuwa mwalimu wa Hadithi. Alikuwa mzee mmoja anayewavisha ndege pete katika nyika ya Tsavo.

Kosa lenyewe

Ramadhani iliyopita niliombwa nitoe darsa baada ya Alasiri katika madrasa ya mtaa wetu. Kijana anayesoma chuo kikuu nje ya nchi akirudi nyumbani, hawezi kukataa. Nilizungumzia fadhila za elimu, na katikati ya maneno nikataja ile kauli maarufu inayotuhimiza tuitafute elimu hata ikiwa China. Bibi mmoja anayeuza ndagala sokoni, ambaye hakosi darsa, aliinua mkono akauliza: "Mwanangu, hiyo kaipokea nani?"

Sikujua. Lakini nilikuwa nimekaa mbele, wazee wananitazama, na wadogo zangu wako mlangoni. Nikasema: "Bukhari." Bibi akaitika kwa kichwa, akaridhika.

Wiki tatu baadaye, nikiwa nimesharudi chuoni, nilitumiwa picha kwenye simu. Ustadhi wa madrasa alikuwa ameyaandikisha maneno yale ukutani kwa rangi ya kijani, herufi kubwa, na chini yake: Bukhari. Nilifungua vitabu usiku ule. Katika Sahihi Bukhari hayamo. Al-Bayhaqi ameyataja akaeleza kwamba yamekuwa mashuhuri lakini sanad yake ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi ameyaweka katika kitabu chake cha Hadithi za kuzushwa. Nilifunga vitabu na sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba maana yake ni nzuri, na hakuna atakayedhurika kwa kupenda elimu.

Nabii aliyechunguza habari ya ndege

Katika Surat an-Naml, kuanzia aya ya 20, Nabii Sulayman (a.s.) anakagua ndege wake na kumkosa Hudhud. Anasema atamwadhibu vikali au atamchinja, isipokuwa alete hoja iliyo wazi. Hudhud hakukawia. Alirudi akasema amelijua jambo ambalo Sulayman hakulijua, na kwamba anatoka Saba na habari ya yakini.

Tuangalie alivyojibu Sulayman katika aya ya 27. Hakumkataa kwa sababu ni ndege, wala hakumkubali kwa sababu habari ilisikika ya kuvutia. Alisema watatazama kama amesema kweli au ni katika waongo, kisha akampa barua aipeleke. Habari ikapimwa kwa kufuatwa hadi ilikotoka.

Huyu ni Nabii aliyefundishwa lugha ya ndege, na mtoa habari amesema wazi kwamba ana yakini. Bado akathibitisha. Amri tuliyopewa sisi katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, na katika Surat al-Israa, aya ya 36, inakwenda njia hiyo hiyo: tuchunguze habari inapotufikia, na tusifuate tusilolijua, kwa kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Aya hizi nilikuwa nazijua kwa moyo wakati nilipomjibu bibi yule.

Ngulia

Mwezi wa Novemba, wenzetu wanaosoma mazingira walipanga safari ya Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi hapa Kenya, na jumuiya yetu ikapewa nafasi nne. Tulilala Mtito Andei kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, tukasali Alfajiri, tukaingia hifadhini geti lilipofunguliwa.

Ngulia ni mahali pa ajabu. Kuna hoteli ya wageni ukingoni mwa genge, na chini yake nyika ya miti ya miba na nyasi inayoenea mpaka macho yachoke. Tangu mwaka 1969, kila Novemba na Desemba, watu hukusanyika pale kuwavisha pete ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia. Ndege hao husafiri usiku. Usiku usio na mwezi, ukungu ukitanda juu ya vilima, wanapotea njia na kuvutwa na taa za hoteli, wakatua vichakani kwa wingi. Kazi hiyo kwa miaka mingi iliongozwa na Graham Backhurst na David Pearson, na ndege waliovishwa pete pale tangu mwanzo ni mamia ya maelfu.

Tulipofika, nyavu nyembamba kama utando wa buibui zilikuwa zimesimamishwa kati ya vichaka. Ndege akinaswa hutolewa kwa vidole viwili vitatu, polepole, akawekwa katika mfuko mdogo wa kitambaa, akapelekwa mezani. Hapo anavishwa pete nyepesi ya chuma mguuni. Pete ina namba isiyorudiwa kwa ndege mwingine, pamoja na anwani ya kurudishia taarifa. Kisha hupimwa bawa kwa rula, hupulizwa manyoya ya tumbo ili kuonekana mafuta aliyoyahifadhi kwa safari, hupimwa uzito, na kuachwa aende zake. Kila kipimo kinasomwa kwa sauti na mwingine anakiandika katika daftari, pamoja na tarehe, saa na jina la aliyemshika.

Wengi wa waliopita mezani asubuhi ile walikuwa ndege wadogo wa kahawia ambao wataalamu huwaita Acrocephalus palustris. Ukimtazama hutamjali. Ana uzito wa kama gramu 12, na anatoka Ulaya au magharibi ya Asia kwenda kusini mwa Afrika. Huyu naye ni mpokezi wa habari kwa namna yake. Françoise Dowsett-Lemaire, aliyechunguza nyimbo za ndege hawa nchini Ubelgiji na kuchapisha kazi yake mwaka 1979, alionesha kwamba dume mmoja huiga sauti za aina 76 za ndege kwa wastani, na zaidi ya nusu ya aina hizo ni za Afrika. Anaimba kwenye vichaka vya Ulaya alichokisikia huku kwetu.

Kwa nini wanavishwa pete

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliona mbayuwayu wakitoweka kila majira ya baridi wasijue waendako. Wako waliosema wanalala chini ya matope ya maziwa. Kauli hiyo ilirudiwa na wasomi, mmoja akinukuu kutoka kwa mwingine. Mwaka 1822 korongo mmoja alipatikana Ujerumani akiwa na mkuki wa Kiafrika uliopenya shingoni mwake, na watu wakaona kwa macho kwamba ametoka mbali. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete Uingereza, katika Staffordshire, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Pete moja iliyosomwa vizuri ikaonesha mbayuwayu huyo alikokwenda.

Sisi tuliozaliwa Rumonge tunawaona mbayuwayu hao kila mwaka. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, wanaruka chini chini juu ya maji wakati wavuvi wanarudi na mitumbwi, na wanapumzika juu ya nyaya za umeme. Tukiwa watoto tulidhani ni wa kwetu. Kumbe wengine wana viota katika mazizi ya ng'ombe Ulaya.

Je, yafaa kuwakamata?

Dada mmoja katika kundi letu aliuliza swali hili kabla hatujakaa, na ni swali zuri. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametueleza katika Surat al-An'aam, aya ya 38, kwamba ndege ni umma kama sisi. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud kwamba maswahaba walichukua makinda ya ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mabawa kwa huzuni, na Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe watoto wake. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Ibn Umar aliwakuta vijana wamemfunga ndege na kumfanya shabaha, akawaeleza kuwa Mtume amemlaani afanyaje hivyo.

Upande mwingine, iko Hadithi ya mtoto Abu Umayr aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Mtume alikuwa akimtania na kumuulizia habari zake, wala hakumkataza kuwa nacho. Wanazuoni wameichukua kuwa dalili ya kufaa kumshika ndege asipoteswa. Ibn al-Qass, faqihi wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika risala nzima akitoa faida sitini katika Hadithi hiyo moja fupi.

Kwa hiyo hukumu inafuata namna na lengo. Tulichokiona Ngulia ni kwamba ndege anashikwa kwa dakika chache, mikono ni laini, na anayeonekana amechoka huachiwa hata kama vipimo havijakamilika. Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyonifikisha kwenye aibu yangu.

Gramu 12.4

Baada ya saa moja mzee aliyekuwa mezani alinipa kalamu na daftari. Yeye anasoma, mimi naandika. Namba ya pete, bawa milimita 69, mafuta, uzito. Kazi ilikwenda haraka. Wenzangu walikuwa wakiongea nyuma yangu, na kwa ndege mmoja sikuusikia uzito. Ndege alikuwa amesharuka. Nilitazama mistari ya juu: 12.1, 12.6, 12.3. Nikaandika 12.4 nikaendelea.

Ukurasa ulipojaa mzee akauchukua kuupitia. Akaweka kidole pale pale.

"Kijana, hii umeisikia kwangu?"

Nikanyamaza kidogo, kisha nikasema, "Hapana, mzee. Sikusikia vizuri. Nimekadiria tu, kwa sababu wote ni kumi na mbili na kitu."

"Yule nilimwachia kabla sijampima. Alikuwa amechoka. Sikutaja uzito wowote."

Alikata namba yangu kwa mstari mmoja, nafasi ikabaki tupu. Hakukasirika. Alisema: "Ungeandika 124, ningejua umekosea na kompyuta ingeikataa. Hii 12.4 hakuna ambaye angeikamata. Ingebaki humu mpaka tufe sote."

Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto. Sikuwa nikifikiria ndege tena. Nilikuwa nauona ukuta wa kijani wa madrasa.

Tulizoea kudhani kwamba uongo wa hatari ni ule mkubwa, wa kushangaza. Huo hukamatwa mapema. Unaokaa ni ule unaofanana na ukweli, wenye maana nzuri, unaoingia katikati ya mambo sahihi na kukaa kama ndugu yao. Maneno kuhusu elimu na China yanadumu kwa sababu hiyo: yanafanana na yanayojulikana. Nami niliyapa jina la Bukhari kwa sababu jina hilo nalo linafanana na mahali pake. Uzuri wa maana haujawahi kuwa sanad.

Masharti matano mezani

Njiani kurudi nilijaribu kuyapitia masharti ya Hadithi sahihi kwa kutumia daftari lile, na nawaletea hapa ili myakumbuke kirahisi.

1. *Kuungana kwa sanad.* Kila mpokezi awe amepokea kutoka kwa aliye juu yake. Aliyeandika awe amesikia kwa aliyesoma, na aliyesoma awe amemshika ndege mwenyewe. Mimi niliandika bila kusikia, basi kamba ilikatika kwangu.

2. *Uadilifu wa wapokezi.* Mtu awe mkweli na mcha Mungu. Ndiyo maana jina la mvisha pete linaandikwa. Ibn Sirin alitutahadharisha tuangalie tunachukua dini yetu kwa nani.

3. *Udhibiti.* Ukweli peke yake hautoshi. Awe pia na hifadhi au maandishi yasiyoyumba. Mtu mwema anayesikia nusu na kujaza nusu si dhabiti.

4. *Kutokuwa shadhi.* Riwaya isipingane na ya walio madhubuti zaidi. Bawa la milimita 69 likiandikwa 96, ndege wote wa aina ile watamkanusha.

5. *Kutokuwa na ila iliyofichika.* Hili ndilo gumu. Kwa nje kila kitu ni safi, na kasoro iko ndani. Gramu 12.4 yangu ilikuwa ila. Iligunduliwa na aliyekuwepo, anayeikumbuka kazi yake, kama maimamu wa Hadithi walivyozigundua ila kwa kuzijua njia zote za riwaya.

Mfano huu una mpaka wake, na ni adabu kuutaja. Daftari la ndege ni kazi ya wanadamu, likikosewa elimu ya dunia itajirekebisha. Kumnasibishia Mtume (s.a.w.) asichokisema ni jambo jingine, makamio yake ya Moto yamepokewa kwa njia nyingi kufikia daraja ya mutawatir. Iwapo mzee yule ana uangalifu kiasi kile kwa gramu chache za ndege asiyejulikana jina kwa watu wengi, mimi mwenye kudai elimu ya Hadithi nitasema nini?

Na ile nafasi tupu katika daftari ni elimu. Imesimuliwa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali mengi na mtu aliyetoka mbali, akajibu kwa mengi kati ya hayo kwamba hajui. Jabir bin Abdillah (r.a.) alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Shamu kumfuata Abdullah bin Unays kwa ajili ya Hadithi moja tu. Kati ya kusafiri mwezi na kusema sijui, hakuna njia ya tatu iliyo halali. Mimi niliitafuta, nikaipata kwa neno moja.

Kurudi Rumonge

Likizo ya Desemba nilikwenda moja kwa moja kwa ustadhi. Nikamweleza. Alisikitika, kisha akaniuliza: "Lakini maneno ni mazuri, na watoto wameyapenda. Kwa nini tuyafute?" Nikamwambia habari ya daftari. Tukanunua rangi, tukapaka ukuta, na badala yake tukaandika maana ya Hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, kwamba anayeshika njia kutafuta elimu, Mwenyezi Mungu humrahisishia njia ya Peponi. Safari hii tulifungua kitabu kabla ya kufungua kopo la rangi.

Siku ya Ijumaa baada ya sala niliomba dakika tano. Nilisema mbele ya watu kwamba niliulizwa swali katika Ramadhani, sikujua jibu, nikataja Bukhari kwa kuogopa kuonekana sijui. Miguu ilitetemeka. Hakuna aliyenizomea.

Bibi yule nilimfuata nyumbani kwake kwa sababu siku hiyo hakuwapo msikitini. Alikuwa anaanika ndagala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza samaki wake, akasema:

"Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini nilishawapa wajukuu zangu, tena nikawaambia ni Bukhari. Wawili wako Bujumbura, mmoja Uvira, mmoja alikwenda Kigoma. Na wao wana midomo. Hao utawapata vipi?"

Akanipa namba tatu za simu. Wa Kigoma hana namba. Nimewapata wa Bujumbura wote wawili. Mmoja amenieleza kwamba amewafundisha wanafunzi wake. Wa Uvira simu yake haijapatikana mpaka ninapoandika haya. Ndege akisharuka, kosa lililoandikwa juu yake halirudi naye mkononi.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujabonyeza kusambaza, kabla hujapanda mimbari, kabla hujaandika tanbihi katika kazi yako ya chuo kwa kitabu usichokifungua, jiulize alivyoniuliza mzee: hii umeisikia kwa nani? Ukikosa jibu, iache nafasi tupu. Ukiwa umeshaijaza, nenda ukaikate ungali hai.

Maswali ya halaqa

1. Sulayman (a.s.) alikuwa na njia gani nyingine mbili za kuipokea habari ya Hudhud, na kila moja ingeleta madhara gani?
2. Taja kauli moja uliyowahi kuinukuu kuwa ni Hadithi. Itafute wiki hii, na uje na jina la kitabu na daraja yake.
3. Mtu amesambaza Hadithi ya kuzushwa bila kujua, kisha akajua. Toba yake inakamilika kwa mambo gani?

Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli wa ulimi na ushujaa wa kusema hatujui, na awafikishie marekebisho wale ambao sisi hatuwezi kuwafikia. Wallahu a'lam.